Mfongo wa Kilimanjaro: teknolojia iliyobuniwa na wanakijiji, na kwa nini imedumu

Ukishuka kwenye gari pale Kwa Sadala, wilayani Hai, kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, unakuwa umesimama kati ya nchi mbili. Upande wa juu, kuelekea Masama na Machame, kuna migomba, kahawa na ubaridi wa mlima. Upande wa chini, kuelekea Rundugai, kuna tambarare yenye joto na miiba, ambako mahindi husubiri mvua. Sokoni pande hizi mbili hukutana: ndizi zinashuka, nafaka inapanda. Kitu kingine kinachoshuka ni maji, na kwa miaka mingi maji hayo yameshushwa na wananchi wenyewe kwa mifereji ya asili iitwayo mifongo.

Tukitaja neno teknolojia, wengi wetu hufikiria simu, kompyuta au mashine iliyotoka nje. Tukitaja teknolojia kwa vijiji vyenye kipato kidogo, hufikiria mradi: gari linakuja, kifaa kinafungwa, picha zinapigwa, na baada ya miaka miwili kifaa kimekufa kwa kukosa kipuri. Katika makala haya tunaeleza teknolojia ambayo haikuletwa na mradi wowote. Tunaeleza mfongo ni nini, unajengwaje, unaongozwa na nani, unakabiliwa na matatizo gani leo, na mambo gani kijiji kinaweza kujifunza kutoka kwake kinapoletewa kifaa kipya.

Mfongo ni nini?

Mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono ili kuchepusha maji ya mto na kuyapeleka kwenye vihamba na mashamba. Una sehemu kuu tatu.

Ya kwanza ni banio, yaani mahali maji yanapokamatwa mtoni. Kwa asili, banio hujengwa kwa mawe, magogo, matawi, udongo wenye majani na vigogo vya migomba.

Ya pili ni mfereji mkuu, unaopita ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana. Mto wenyewe hukimbilia bondeni, lakini mfongo huachana nao na kubaki juu ya mgongo wa kilima. Ndiyo maana mgeni akisimama mahali fulani huona kama maji yanapanda mlima. Hayapandi. Yanashuka polepole kuliko ardhi iliyo kando yake.

Ya tatu ni mifereji midogo inayoingia kwa kila mkulima. Hapo hufunguliwa na kuzibwa kwa udongo, majani na vigogo vya migomba.

Sehemu nyingine mifongo ina bwawa dogo, ambalo Wachaga huliita nduwa. Maji yanayotiririka usiku, wakati watu wamelala, hukusanywa humo na kufunguliwa asubuhi. Wapare wana bwawa la namna hiyo, na wao huliita ndiva.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Wengi huamini kwamba yanatoka kwenye barafu ya Kibo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maji ya mito kama Kikafu na Weruweru hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu ulio chini ya kilele. Barafu ikiisha tutapoteza sura ya mlima tunayoijua, lakini msitu ukiisha tutapoteza maji. Kwa hiyo mkulima wa tambarare anayeteka maji Rundugai ana sababu ya kujali mti unaokatwa juu kabisa, mahali ambapo pengine hajawahi kufika.

Unajengwaje bila mashine?

Kazi ilianza kwa mtu aliyeona kwamba maji yanaweza kufika mahali fulani. Mtu huyo, au ukoo wake, alitafuta mafundi wenye jicho la kusoma mteremko, akakusanya nguvu kazi, na mara nyingi mfongo ukabaki na jina lake au la ukoo wake. Watu walichimba kwa majembe na vijiti vyenye ncha. Kipimo kikubwa cha usawa kilikuwa maji yenyewe: yaliachwa yafuate nyuma ya wachimbaji, na yaliposimama, ilijulikana kwamba mahali hapo pamechimbwa kwa makosa.

Palipokuwa na korongo, maji yalivushwa kwa gogo lililochongwa katikati kama mtumbwi. Palipokuwa na mwamba, mfongo ulizungushwa. Vifaa vyote vilipatikana palepale. Vilipoharibika, aliyevijenga alikuwa jirani, na mwanawe alikuwa amemwona akivijenga.

Hapa kuna jambo linalofaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu tutalirudia. Banio la mawe na matawi huvuja. Tena mvua kubwa inapokuja, hubomoka na kusombwa. Ukilitazama haraka utasema ni ujenzi duni. Lakini kuvuja kule kuna kazi mbili. Kwanza, banio likisombwa na mafuriko, mfongo wenyewe hauharibiki, na banio jipya hujengwa kwa siku chache bila fedha. Pili, maji yanayovuja yanaendelea mtoni na kumfikia mwenye mfongo wa chini. Hata mwenye tamaa aliye juu hawezi kuchukua mto mzima, kwa sababu matawi hayawezi kuziba mto mzima.

Zamu: nusu ya pili ya teknolojia

Mtu akikuonyesha mfereji, amekuonyesha nusu tu ya mfongo. Nusu nyingine haionekani kwa macho. Ni makubaliano ya nani afungulie maji lini, nani asafishe wapi, na nini kimpate anayeiba.

Kila mfongo una watumiaji wake, na watumiaji wana kamati au wazee wanaosimamia. Mwenyekiti wa mfongo huita watu kwenye msaragambo, zamani kwa kupiga pembe, leo kwa simu au tangazo la msikitini na kanisani. Watu hutoa matope, hukata mizizi, huziba mashimo ya fuko na hujenga upya banio. Asiyefika hutozwa faini. Zamani faini ilikuwa pombe ya mbege, au hata mbuzi kwa kosa kubwa. Siku hizi mara nyingi ni fedha. Aliyegombana na jirani kwa ajili ya maji alijua pia njia ya kurudi: jani la isale, ambalo Mchaga akilipeleka kwa aliyemkosea huwa ameomba msamaha, na si rahisi kumkatalia.

Ili kuona kwa nini zamu ni kazi ya akili, tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mfongo mmoja una kaya 42, na siku imegawanywa katika zamu 3: asubuhi, mchana na usiku. Kila kaya itapata maji mara moja kwa siku 14. Sasa kiangazi kinakuja na maji yanapungua nusu. Kamati ifanye nini? Ikiongeza muda wa kila zamu ili mtu amalize shamba lake, kaya ya mwisho itasubiri siku 28. Mgomba unaweza kuvumilia siku 28. Nyanya haiwezi. Ikiacha zamu kama zilivyo, kila mmoja atalowesha nusu ya shamba. Na je, zamu ya usiku ni ya nani? Ya mzee wa miaka sabini, au ya mama mwenye watoto wadogo aliye peke yake nyumbani?

Hakuna kifaa kinachojibu maswali hayo. Yanajibiwa na watu waliokaa chini ya mti, wanaojuana, na ambao kesho wataonana tena njiani. Uwezo huo wa kuamua pamoja ndio uliofanya mifongo ikadumu kuliko mashine nyingi zilizoletwa.

Historia kwa ufupi

Mifongo ya Kilimanjaro ni ya kale kuliko maandishi kuhusu mlima huu. Wageni kutoka Ulaya waliofika katika karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884, alikuwa mmoja wa walioandika habari zake. Charles Dundas, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Kiingereza Moshi, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu Kilimanjaro na watu wake. Mwaka 1974 mtafiti Mtanzania Fidelis Masao alichapisha uchunguzi wake juu ya historia ya umwagiliaji wa Uchagani.

Wachaga hawakuwa peke yao. Wapare na Wasambaa walikuwa na mifereji yao. Wasonjo wa Ngorongoro wanayo hadi leo, na Kenya wapo Wamarakwet wa Bonde la Kerio. Huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa mkoani Arusha, yapo mabaki ya mifereji na mashamba ya mawe yaliyoachwa na wenyewe karibu karne ya 18.

Nje ya bara letu pia ipo mifano. Oman, nchi ambayo wengi wa pwani yetu wana ndugu huko, ina mifereji iitwayo aflaj. Mitano kati ya hiyo iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Huko pia maji hugawanywa kwa muda, na zamani muda huo ulipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mwaka 2009 mama mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Kazi yake ilionyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza mali ya pamoja kama maji, misitu na malisho kwa sheria walizojiwekea wenyewe, bila kuiuza kwa mtu binafsi na bila kila kitu kuamriwa na serikali. Mzee wa mfongo angemsikiliza na kusema: hayo tulikuwa tunayajua.

Hata hivyo, tusiisifu mifongo kupita kiasi. Ina matatizo ya kweli, na mengine yanaumiza.

Tatizo la kwanza: maji yanayopotea njiani

Mfongo wa udongo hupoteza maji mengi kabla hayajafika mwisho. Mengine hunywewa na ardhi, mengine hutoka kwenye mashimo. Watu walipokuwa wachache hilo halikusumbua. Sasa vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu, mashamba ya tambarare yameongezeka, na miji ya Moshi na Boma Ng'ombe nayo inataka maji.

Jibu linalotolewa kila mara ni saruji: jenga banio la zege lenye geti la chuma, na sakafia mfereji. Saruji ina faida. Mfereji hauvuji, usafishaji unapungua, na banio halibomoki kila masika.

Lakini kumbuka lile banio la matawi. Banio la zege halivuji. Wakati wa kiangazi, mwenye ufunguo wa geti anaweza kuuchukua mto wote, na aliye chini akaona mchanga mtupu. Tena maji yaliyokuwa yakipotea njiani hayakuwa yamepotea kwa kila mtu. Yalinywesha migomba ya kando ya mfereji, na mengine yalitokeza chini kama chemchemi. Kwa hiyo kusakafia mfereji kunaweza kumwongezea mmoja na kumpunguzia mwingine, na anayepunguziwa mara nyingi ni yule ambaye hakuitwa kwenye mkutano.

Hatusemi saruji isitumike. Tunasema kwamba kabla ya kujenga banio la kudumu, wa juu na wa chini wakae pamoja na kuandika ni maji kiasi gani yataachwa mtoni mwezi wa tisa na wa kumi, na nani atashika ufunguo. Inawezekana kabisa kujenga banio la zege lenye nafasi isiyozibika, ili sehemu ya maji ipite chini siku zote. Fundi ataweza kuijenga ikiwa ataambiwa mapema.

Funzo kutoka Moshi ya Chini

Kusini mwa mji wa Moshi, maeneo ya Mabogini na Chekereni, upo mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini. Ulijengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, ukiwa na mabanio, mifereji ya zege na mashamba ya mpunga yaliyosawazishwa vizuri. Kitaalamu ulikuwa mradi mzuri, na mavuno ya mpunga yalipanda sana.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoleta mgogoro. Wakulima wa nje ya mradi, waliokuwa juu zaidi mtoni, waliona mpunga unalipa. Nao wakachimba mifereji yao na kulima mpunga. Maji yaliyopigiwa hesabu kwa ajili ya mradi yakaanza kuishia juu, na sehemu ya mashamba ya mradi ikakosa maji.

Kosa halikuwa la wakulima wa juu peke yao. Walifanya kile ambacho babu zao walifanya siku zote: waliona maji, wakachimba. Upungufu ulikuwa kwamba mradi ulichora mpaka wa mashamba yake, wakati mto haujui mpaka huo. Teknolojia ya maji inayowahusisha wa chini tu, au wa juu tu, itagombewa hata kama zege lake ni imara.

Tatizo la pili: nani ana sauti

Katika sehemu nyingi za Kilimanjaro, mila ilikataza wanawake kushiriki kuchimba au kukarabati mfongo, na hata kulikaribia banio. Haki ya maji ilipitia kwa mume, baba au mtoto wa kiume. Wazee walikuwa na maelezo yao ya mila hiyo, lakini matokeo yake leo ni mazito. Wanaume wengi wako mijini kutafuta maisha, na shamba linaendeshwa na mama. Kama hawezi kuingia kwenye msaragambo, anatozwa badala yake. Kama hawezi kuketi kwenye kamati, zamu yake inapangwa na wengine, na mara nyingi anapewa usiku.

Hali inabadilika. Sheria za sasa za maji zinataka wanawake washirikishwe katika usimamizi, na vyama vingi vina wanawake kwenye uongozi. Lakini kuwa na jina kwenye orodha ya kamati ni jambo moja, na kusikilizwa zamu zinapopangwa ni jambo lingine. Chama kinachotaka kujipima kijiulize swali rahisi: mwezi uliopita, zamu za usiku zilikuwa za nani?

Vijana nao wana malalamiko. Kanuni nyingi zilitungwa wakati zao lilikuwa kahawa na ndizi. Kijana anayekodi nusu eka tambarare kulima nyanya au vitunguu anahitaji maji kidogo kila baada ya siku chache. Kwa utaratibu wa zamani yeye ni mgeni kwenye mfongo, hata kama analipa.

Sheria inasemaje leo?

Maji ya mto si mali ya kijiji wala ya ukoo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yote ni mali ya umma, na anayetaka kuyachepusha kwa ajili ya umwagiliaji anatakiwa kuwa na kibali. Kwa mito ya Hai, kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa sababu maji haya yote huingia mto Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuendelea hadi Pangani baharini. Njiani yanazalisha umeme.

Mambo manne ni ya kukumbuka.

Kuteka maji ya matumizi ya nyumbani kwa ndoo hakuhitaji kibali, na maji ya nyumbani hupewa nafasi ya kwanza kabla ya matumizi mengine.

Wakulima wa mfongo mmoja wanaweza kuunda chama cha watumia maji, kukisajili, na kuomba kibali kwa pamoja. Kibali cha pamoja kina nguvu kuliko malalamiko ya mtu mmoja mmoja, hasa anapotokea mwekezaji mkubwa kwenye mto huohuo.

Umwagiliaji una sheria yake ya mwaka 2013, iliyoanzisha Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Chama kinachotaka kuboresha banio au mfereji kipite pia kwa ofisa umwagiliaji wa wilaya.

Shughuli za kibinadamu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tena msitu wa Kilimanjaro uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Kwa hiyo mfongo ambao banio lake liko ndani ya msitu unahitaji maelewano na wahifadhi kabla watu hawajapanda kusafisha.

Hai ina uzoefu mwingine wa maji ya jamii. Tangu miaka ya 1990 wilaya hii ilijengewa miradi ya maji ya bomba kwa msaada wa Ujerumani, nayo ikaendeshwa na bodi za wadhamini za wananchi, kama ile ya Uroki na Bomang'ombe. Watu walilipia maji, na fedha zikatumika kutengeneza bomba lililopasuka. Somo lake ni lilelile la mfongo: bomba hudumu pale ambapo kuna anayewajibika siku linapopasuka.

Ubunifu mpya, somo la zamani

Ubunifu wa wananchi haukuishia kwenye mifereji. Jirani zetu wa Arusha wanamfahamu Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyegeuka mbunifu. Kwa vipuri vya baiskeli kuukuu alitengeneza vifaa kama chaja ya simu inayopata umeme kutokana na mzunguko wa gurudumu. Baadaye alishiriki kuanzisha karakana iitwayo Twende, ambako watu wa kawaida hufundishwa kubuni na kutengeneza vifaa vyao wenyewe. Kinachotuvutia katika kazi hiyo ni namna ya kufikiri. Baiskeli ipo kila kijiji, na fundi wake yupo. Kifaa kilichotokana na baiskeli kikiharibika, hakisubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Mfano mwingine uko Kondoa, mkoani Dodoma, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma walishirikiana na wenyeji kuanzisha mtandao wa intaneti wa jamii. Mnara wa intaneti na banio la mto havifanani kwa sura. Lakini maswali ni yaleyale: nani anashika ufunguo, nani analipa betri ikifa, na nani anaamua nani aunganishwe kwanza.

Na simu uliyoshika sasa hivi inaweza kukitumikia chama cha mfongo bila kununua kitu kipya. Zamu za wiki zinaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Mahali palipobomoka panaweza kupigwa picha na kutumwa kwa kamati kabla shimo halijawa kubwa. Ada na faini zikilipwa kwa pesa za simu, kumbukumbu inabaki, na mweka hazina analindwa dhidi ya maneno ya watu. Ila uwekwe utaratibu kwa wasio na simu. Mzee asiyesoma ujumbe asije akapoteza zamu yake kwa ajili ya teknolojia iliyoletwa kumsaidia.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupokea kifaa kipya

Kama kijiji chako kinaletewa pampu, banio, mashine ya kukoboa, mnara au mita ya maji, maswali haya yatoke kwenye mkutano kabla ya watu kupiga makofi:

1. Kikiharibika, nani hapa kijijini anaweza kukitengeneza? Kama hayupo, nani atafundishwa, na lini?

2. Kipuri kinapatikana wapi? Kama hakipatikani Moshi au Boma Ng'ombe, kina bei gani na kinachukua siku ngapi kufika?

3. Kitamnufaisha nani, na kitampunguzia nani? Je, huyo anayepunguziwa yumo kwenye mkutano huu?

4. Ufunguo utakaa kwa nani? Akifariki au akihama, utakwenda kwa nani?

5. Kila mtumiaji atachangia nini, fedha au kazi, na asiyechangia atafanywa nini?

6. Mama aliye peke yake, kijana anayekodi shamba na mkulima wa mwisho wa mfereji watapataje huduma?

7. Makubaliano yameandikwa wapi, na nani ana nakala?

Mradi unaoweza kujibu maswali hayo una nafasi ya kuishi baada ya wafadhili kuondoka. Usioweza kuyajibu, usisainiwe kwa haraka, hata kama kifaa kinang'aa.

Kwa mkulima wa chini

Tumalizie pale tulipoanzia. Mtu wa chini ya barabara pale Kwa Sadala ni wa mwisho kupata maji na wa kwanza kuyakosa. Kila mfereji unaosakafiwa juu, kila geti linalofungwa, kila mti unaokatwa msituni, humfikia yeye kama upungufu. Kwa muda mrefu kinga yake imekuwa ni makubaliano na wa juu, na banio linalovuja.

Kama wewe ni mtumiaji wa mfongo na hujui kama mfongo wako una chama kilichosajiliwa, muulize mwenyekiti wiki hii. Kama kipo, uliza kibali chake kinaisha lini na kinaruhusu maji kiasi gani. Kama hakipo, ofisi ya mtendaji wa kijiji ndiyo mahali pa kuanzia, na ofisi ya bonde itawaeleza hatua zinazofuata. Nendeni mkiwa wengi, wa juu na wa chini pamoja. Masika yakifika maji huwa mengi na watu huelewana kirahisi, kwa hiyo huo ndio wakati mzuri wa kuandika kanuni za kiangazi.